Maswali ya Wasomaji: Evgeniya Kanaeva na Dhahabu Mbili za Olimpiki

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukijibu swali kuhusu wanawake waliofanikiwa kutetea ubingwa wao katika Michezo ya Olimpiki, tulimtaja kwa sentensi moja tu Evgeniya Kanaeva, Mrusi aliyetwaa dhahabu ya jimnastiki ya midundo mwaka 2008 na tena mwaka 2012. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko jibu lenyewe. Kwa kuwa mchezo huu hauonekani mara kwa mara katika televisheni zetu, na kwa kuwa maswali mengi yanakamilishana, tumeamua safu yote ya toleo hili imhusu yeye.

Swali: Mheshimiwa mhariri, nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hapa Morogoro, na wanafunzi wangu huita jimnastiki kila mchezo wenye kuruka na kupinduka. Je, jimnastiki aliyoicheza Kanaeva inatofautianaje na ile ya kuning'inia kwenye vyuma na kutembea juu ya boriti?

Jibu: Mwalimu, salamu zako zimefika. Ile ya vyuma na boriti huitwa jimnastiki ya kisanaa, na ndani yake nguvu za mikono na mapinduko ya hewani ndiyo hupewa uzito. Katika jimnastiki ya midundo mchezaji huingia kwenye zulia lenye upana wa mita 13 kila upande akiwa na kifaa mkononi, muziki ukianza anakuwa na sekunde 75 hadi 90 za kuonyesha yote aliyojifunza, na katika muda huo kifaa hakiruhusiwi kutulia. Lazima kizungushwe, kirushwe, kidundwe au kiviringishwe juu ya mwili, huku mwenyewe akiruka, akizunguka kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, au akisimama wima na mguu wa pili umepanda juu ya kichwa.

Vifaa vya asili ni vitano: kamba, pete kubwa yenye kipenyo cha sentimita 80 hadi 90, mpira wenye uzito usiopungua gramu 400, virungu viwili, na utepe wa mita 6 uliofungwa kwenye kijiti. Wengi hudhani utepe ndio mwepesi kwa kuwa unapendeza macho, lakini wachezaji wenyewe huuogopa, kwa sababu hujifunga fundo kwa kosa dogo la kiganja, na upepo wa viyoyozi vya ukumbi unaweza kuupeleka kusikotakiwa.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1963. Olimpiki iliupokea mchezo huu mwaka 1984 mjini Los Angeles, ambako dhahabu ilikwenda kwa Lori Fung wa Kanada kwa kuwa nchi zilizokuwa na wachezaji bora, Umoja wa Kisovyeti na Bulgaria, zilisusia michezo ile. Mashindano ya makundi yakaongezwa Atlanta mwaka 1996. Katika Olimpiki mchezo huu ni wa wanawake pekee.

Swali: Ninasoma chuo kikuu Kisumu na ningependa kujua Kanaeva alitokea wapi. Alianza akiwa na umri gani, nani aliyemgundua, na je, ni kweli kwamba wachezaji wa namna hii huzaliwa na miili ya pekee ambayo mtu wa kawaida hawezi kuipata kwa mazoezi?

Jibu: Kanaeva alizaliwa tarehe 2 Aprili 1990 mjini Omsk, katika Siberia, kando ya mto Irtysh, zaidi ya kilomita 2,000 mashariki ya Moscow. Aliyemwingiza katika mchezo ni bibi yake, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa jimnastiki ya midundo na ambaye alimpeleka mazoezini akiwa mtoto mdogo wa miaka sita hivi. Kocha wake wa kwanza alikuwa Elena Arais. Juu ya Arais alikuwapo mama yake mzazi, Vera Shtelbaums, ambaye katika mji huohuo alimlea pia Irina Tchachina, mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Ninawataja makocha hawa mapema kwa sababu, kwa maoni yangu, habari ya Kanaeva haielezeki bila wao. Wachezaji wengi wa mikoani wakifika mji mkuu hubadilishiwa makocha na kupoteza miaka wakijifunza upya namna ya kuelewana na mtu mwingine, lakini Kanaeva alikwenda mpaka kilele cha dunia akiwa bado na Shtelbaums pembeni yake.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alialikwa Moscow pamoja na wasichana wenzake wa Omsk kwa ajili ya kambi ya mazoezi. Huko alionwa na Amina Zaripova, kocha wa timu ya taifa ambaye naye alipokuwa mchezaji alishika nafasi ya nne katika Olimpiki ya Atlanta. Kilichomvutia Zaripova kilikuwa bidii ya mtoto yule na jinsi alivyokuwa akijali mambo madogo ambayo watoto wa umri wake huyapuuza. Akapata nafasi katika shule ya kuandaa wachezaji wa Olimpiki. Mwaka 2003 alipelekwa Japani kwenye mashindano ya klabu ya Kombe la Aeon, akiwa mchezaji wa vijana katika timu moja na Alina Kabaeva na Tchachina, na akashinda katika kundi la vijana. Baada ya hapo milango ya Novogorsk, kituo cha timu ya taifa kilicho nje kidogo ya Moscow, ikafunguka kwake, naye akaendelea kufundishwa na Shtelbaums chini ya kocha mkuu, Irina Viner.

Sasa nijibu swali lako la mwili. Unyumbufu wa mgongo na nyonga ni sharti. Asiyekuwa nao hafiki ngazi ile hata akifanya mazoezi usiku na mchana. Hata hivyo, unyumbufu peke yake haukumtofautisha Kanaeva. Kabaeva, kwa mfano, alikuwa na mgongo uliokuwa ukiwashangaza watu wa mchezo wenyewe, na katika kizazi cha Kanaeva hawakukosekana waliokuwa na miguu mirefu zaidi au mirukio mirefu zaidi. Yeye alikuwa na mikono. Kifaa kilipotoka mkononi mwake kilirudi mahali palepale alipokitarajia, akiwa amekitazama au amekipa mgongo, na mwili ukaendelea na muziki kana kwamba hapakuwa na hatari yoyote. Mikono ya namna hiyo haizaliwi. Hutengenezwa kwa kurudia jambo lilelile mara nyingi mno, na kwa kuwa na kocha asiyekubali neno "inatosha".

Usidhani pia kwamba njia ilikuwa wazi. Kati ya mwaka 2003 na 2007 alikuwa nyuma ya foleni ndefu: Kabaeva bingwa wa Olimpiki, Olga Kapranova bingwa wa dunia wa mwaka 2005, na Vera Sessina. Nchi moja haiwezi kupeleka Olimpiki zaidi ya wachezaji wawili wa mmoja mmoja, kwa hiyo Mrusi wa tatu au wa nne, ambaye pengine angepata medali kama angekuwa raia wa nchi nyingine, hubaki nyumbani akitazama. Nafasi ya Kanaeva ilikuja kwa njia ambayo hakuna mchezaji mwungwana huiombea. Kabaeva aliumia kabla ya mashindano ya Ulaya ya mwaka 2007 mjini Baku, na msichana huyu wa miaka 17 akawekwa mahali pake. Akarudi na dhahabu ya utepe na dhahabu ya timu. Mwaka huohuo alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa dunia mjini Patras, Ugiriki.

Swali: Mimi ni mhasibu, Dar es Salaam, na siridhiki na maneno "alishinda kwa kishindo" mpaka nione hesabu. Je, ushindi wake wa Beijing ulikuwa mkubwa kiasi gani, na alama zenyewe hupatikanaje?

Jibu: Ndugu mhasibu, hesabu zipo na zinajieleza. Kwa kanuni zilizotumika mwaka 2008, kila onyesho lilikuwa na alama 20 za juu kabisa. Jopo moja la majaji lilipima ugumu wa vitendo, jingine likapima usanii, yaani namna muziki, mwili na kifaa vinavyokwenda pamoja, na alama za majopo haya mawili zikatafutiwa wastani. Jopo la tatu lilipima usafi wa utekelezaji, na hapo kila goti lililopinda, kila hatua ya ziada na kila kifaa kilichoanguka vilipunguza alama. Mchezaji alionyesha mara nne, siku zile kwa kamba, pete, virungu na utepe, na jumla ya juu kabisa ilikuwa 80.

Kanaeva, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa Ulaya mjini Torino mapema mwaka huohuo, alipata 75.500. Huo ni wastani wa 18.875 kwa kila onyesho. Inna Zhukova wa Belarus alikuwa wa pili kwa 71.925, na Anna Bessonova wa Ukraine, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, akawa wa tatu kwa 71.875. Tazama mapengo: kati ya fedha na shaba kulikuwa na alama 0.050 tu, lakini kati ya dhahabu na fedha kulikuwa na 3.575. Zhukova na Bessonova walikuwa wakishindana katika mchezo mmoja, na Kanaeva alikuwa peke yake katika mwingine. Angeweza kuangusha kifaa mara moja, na hata mara mbili, akabaki bingwa. Alikuwa na miaka 18.

Pengo la namna hiyo lilitokana na kukutana kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida hupingana. Anayejaza vitendo vigumu huvifanya kwa uchafu, na anayetaka usafi hupunguza ugumu. Kanaeva alijaza ugumu na bado jopo la utekelezaji halikupata mengi ya kumkata. Ukipata nafasi ya kutazama maonyesho yake, acha kuangalia miguu kwa dakika moja na umfuatilie anavyodaka.

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Zanzibar. Nimesikia kwamba Kanaeva aliwahi kushinda kila kitu katika mashindano ya dunia, tena mara mbili. Je, ni kweli au ni sifa za mashabiki?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli tupu. Katika mashindano ya dunia ya jimnastiki ya midundo mchezaji mmoja huweza kupata medali sita kwa wingi: ya jumla, yaani alama za vifaa vyote vinne zikijumlishwa, ya timu, na moja kwa kila kifaa katika vifaa vinne vya mwaka huo. Mwaka 2009 mashindano yalifanyika Mie, Japani, na Kanaeva akatwaa dhahabu zote sita. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mwaka 2010, mbele ya watu wa nyumbani mjini Moscow, alipata nne, ikiwemo ile ya jumla ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2011 mjini Montpellier, Ufaransa, akachukua tena zote sita. Ukijumlisha na ile ya timu ya mwaka 2007 unapata mataji 17 ya dunia, rekodi iliyosimama kwa miaka kumi mpaka Mrusi mwenzake, Dina Averina, alipofikisha 18 mwaka 2021.

Vifaa havikuwa vilevile katika mashindano hayo mawili ya sita kwa sita. Mie kulikuwa na kamba, pete, mpira na utepe. Ilipofika Montpellier, kamba ilikuwa imeondolewa katika mashindano ya mmoja mmoja ya watu wazima na virungu vimerudi. Maana yake ni kwamba katika miaka mitatu aliwashinda wote duniani kwa kila kifaa kilichowahi kuwapo katika mchezo huu. Wako waliokuwa mabingwa kwa sababu walikuwa na kifaa kimoja au viwili visivyoshindika, na kwa vingine wakajikongoja. Kwa Kanaeva hukuweza kutaja kifaa dhaifu.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza, kwa sababu huwa linaniuma kila ninapolikumbuka. Katika mashindano yote hayo matatu, Mie, Moscow na Montpellier, aliyeshika nafasi ya pili katika taji la jumla alikuwa mtu yuleyule: Daria Kondakova, naye Mrusi. Mara tatu mfululizo alikuwa mchezaji wa pili kwa ubora duniani. Akaumia, na mwaka 2012 nafasi ya pili ya Urusi katika Olimpiki ikaenda kwa msichana mwingine. Kondakova hakuwahi kucheza Olimpiki hata siku moja. Anayesoma orodha ya mabingwa peke yake hawezi kuyajua mambo haya, na ninaamini ukubwa wa Kanaeva unapimwa vizuri zaidi kwa kujua ni nani aliyekuwa akishindwa naye kila mwaka ndani ya nchi yake mwenyewe.

Swali: Kutoka Nairobi: Kwa nini ushindi wa London unasemwa kuwa wa kihistoria, ilhali wako wachezaji wa jimnastiki wenye medali nyingi zaidi za Olimpiki?

Jibu: Wenye medali nyingi ni wa jimnastiki ya kisanaa, ambako mtu mmoja anaweza kurudi nyumbani na medali tano au sita kwa safari moja kwa kuwa kila kifaa kina fainali yake. Katika jimnastiki ya midundo Olimpiki hutoa dhahabu moja tu kwa mchezaji wa peke yake, ile ya jumla, kisha inabidi usubiri miaka minne. Miaka minne katika mchezo huu ni karibu kizazi kizima. Oleksandra Tymoshenko alipata shaba mwaka 1988 na dhahabu mwaka 1992. Kabaeva alipata shaba Sydney na dhahabu Athens. Hao walikuwa wakipanda. Aliyekwisha kufika juu akabaki hapo mpaka Olimpiki iliyofuata hakuwapo mpaka tarehe 11 Agosti 2012, katika ukumbi wa Wembley Arena.

Siku hiyo Kanaeva alipata 116.900. Daria Dmitrieva, Msiberia mwenzake wa Irkutsk, alipata 114.500, na Liubov Charkashyna wa Belarus 111.700. Msomaji wetu mhasibu atashangaa namba zimepanda kutoka 75 hadi 116. Ni kwa sababu kanuni zilikuwa zimebadilika na kila onyesho sasa lilihesabiwa kwa alama 30, majopo matatu yakitoa kumi kumi. Mpira nao ulikuwa umechukua mahali pa kamba. Kwa hiyo dhahabu zile mbili zilipatikana chini ya hesabu tofauti na kwa vifaa tofauti, jambo linalozima hoja ya wale wanaosema kwamba kanuni za wakati fulani zilimpendelea.

Mimi huuweka ushindi wa London juu ya ule wa Beijing, ingawa pengo lilikuwa dogo zaidi. Beijing alikwenda akiwa kijana ambaye hakuna aliyemdai chochote. London kila mtu ukumbini, kuanzia majaji mpaka watoto waliopeperusha bendera, alikuwa akimsubiri yeye, na kosa lolote lingekuwa habari kubwa kuliko ushindi wa mwingine. Kucheza kwa utulivu chini ya mzigo huo, ukiwa na miaka 22 na mwili uliochoka, ni kazi nyingine kabisa.

Swali: Nawaandikia kutoka Muscat. Baada yake mabingwa wamekuwa akina nani?

Jibu: Rio mwaka 2016 alishinda Margarita Mamun wa Urusi, ambaye kocha wake alikuwa Amina Zaripova, yuleyule aliyemwona Kanaeva akiwa na miaka 12. Alimzidi Yana Kudryavtseva kwa alama 0.875. Tokyo, katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, Linoy Ashram wa Israeli alimpita Dina Averina kwa 0.150 tu, matokeo ambayo Warusi waliyalalamikia sana. Paris mwaka 2024, Warusi wakiwa hawapo, dhahabu ilikwenda kwa Darja Varfolomeev wa Ujerumani, naye kwa asili ni mtoto wa Siberia, aliyezaliwa Barnaul na kuhamia Ujerumani akiwa na miaka 12. Mwenye dhahabu mbili za mmoja mmoja bado ni Kanaeva peke yake.

Swali: Mimi ni mzee wa Arusha, mpenzi wa riadha na ndondi, na sielewi mtu anaachaje mchezo akiwa na miaka 22 na hakuna anayemshinda. Wanariadha wetu wa marathoni katika umri huo ndio kwanza wanaanza. Kwa nini Kanaeva alistaafu, na maisha yake yakawaje?

Jibu: Mzee wangu, heshima yako. Alitangaza kustaafu mwezi Desemba 2012, miezi minne baada ya London, na ukihesabu miaka tangu bibi yake alipompeleka mazoezini utaona kwamba alikuwa ametumikia mchezo kwa takriban miaka 16. Mkimbiaji wa marathoni hutegemea moyo na mapafu, vitu vinavyoendelea kukomaa mtu akiwa mtu mzima. Mchezaji wa jimnastiki ya midundo hutegemea mgongo unaokunjwa kwa nyuma kila siku, nyonga zinazovutwa kupita mahali zilipoumbiwa, na vifundo vya mguu vinavyobeba mwili mzima kwa ncha za vidole. Viungo hivyo havisubiri miaka 30. Wengi wa rika lake waliacha wakiwa na miaka 20 hadi 25, na si wachache walioacha kwa sababu ya maumivu.

Zaidi ya hayo, hakuwa na la kuthibitisha. Tangu Beijing mpaka London hakuna aliyemshinda katika taji la jumla la dunia wala la Olimpiki. Angebaki, angekuwa anailinda rekodi yake mwenyewe huku wasichana kama Mamun na Kudryavtseva wakisubiri nafasi, kama yeye alivyosubiri zamani. Ninaiona hiyo kuwa sababu ya kumheshimu zaidi.

Hakutoka nje ya mchezo. Alipostaafu alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa shirikisho la jimnastiki ya midundo la Urusi. Mwaka 2013 aliolewa na mchezaji wa hoki ya barafu, Igor Musatov, na mwaka uliofuata akapata mtoto wa kiume. Baadaye aliingia katika ukocha. Kuna mabingwa wengi wanaoshindwa kufundisha kwa sababu hawajui walifanyaje yale waliyoyafanya. Mchezaji aliyelelewa katika shule ya Arais na Shtelbaums, ambako kila kitendo kilivunjwavunjwa na kujengwa upya, anayo ya kuwaeleza watoto.

Swali: Dada mhariri, binti yangu ana miaka minane, amemtazama Kanaeva kwenye simu ya kaka yake na tangu hapo hulala na mpira. Tuko Tanga na sijui pa kuanzia. Je, kuna Waafrika waliofika mbali katika mchezo huu, na je, una hatari kwa mtoto?

Jibu: Mama, hongera kwa kuwa na mtoto mwenye hamu. Waafrika wapo. Wania Monteiro wa Cape Verde alicheza Olimpiki ya mwaka 2004 na ya 2008, tena akiwa mbeba bendera wa nchi yake. Misri ilipeleka Tokyo mchezaji wa peke yake na kundi zima. Afrika Kusini nayo imewahi kuwa na wachezaji katika Olimpiki. Kila mara huwapo nafasi iliyotengwa kwa bara letu, kwa hiyo anayeshindania nafasi hiyo hushindana kwanza na Waafrika wenzake.

Miaka minane si umri wa kuchelewa kwa anayetaka kucheza na kujenga mwili. Kama hakuna kocha wa midundo karibu, kocha yeyote mwenye ujuzi wa jimnastiki ya kawaida au wa dansi anaweza kumpa msingi: kusimama vizuri, kutua kwa magoti laini, kunyoosha miguu, kusikia muziki. Mpira na kamba anaweza kuzianza nyumbani uani, kwanza kwa kuviringisha na kudaka karibu na mwili, halafu kurusha chini chini, na kurusha juu mwisho kabisa. Aanze kwa mikono yote miwili. Mtoto akizoea mkono mmoja, huo wa pili humsumbua miaka yote.

Hatari ipo na nitakueleza waziwazi. Ya kwanza ni kunyooshwa kwa nguvu. Kunyoosha viungo kunapaswa kuja baada ya mwili kupata joto na kusimama pale mtoto anaposema inauma; kocha anayemkalia mtoto mgongoni mpaka alie hana nafasi katika maisha ya binti yako, hata awe na vikombe vingapi kabatini. Ya pili, ambayo naiogopa zaidi, ni habari ya chakula. Mchezo huu kwa miaka mingi umesukuma wasichana wajikondeshe, na msichana anayetumia nguvu nyingi kuliko anachokula hudhoofika mifupa, huchelewa kupata hedhi au hedhi hukatika, na huvunjika kwa mambo madogo. Mpe binti yako mlo wake kamili, ugali au wali, maharage, samaki, maziwa na matunda, na siku za mazoezi umwongezee. Ukiona kocha anawapima watoto uzito mbele ya wenzao na kuwataja wanene, mwondoe siku hiyohiyo bila kuogopa kuonekana mgomvi.

Mashindano makubwa hayana haraka naye. Kanuni za Olimpiki zinamtaka mchezaji awe ametimiza au anatimiza miaka 16 ndani ya mwaka wa mashindano. Kwa sasa mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara saa moja hadi moja na nusu, yanamtosha, na muda unaobaki ni wa shule na kucheza na wenzake. Ukipata kocha, kaa naye vipindi viwili vitatu vya mwanzo ukitazama, umuulize amesomea wapi, watoto wake wakiumia huwapeleka kwa nani, na kama wazazi wanaruhusiwa kuingia wakati wowote bila taarifa.